Nguo za Kujifungulia

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wanawake hulisema jikoni kwa sauti ndogo, wala si desturi kulisikia barazani, nalo ni nguo anazovaa mwanamke siku ya kujifungua. Huenda wakawako watakaosema, “Je, mtu aliye katika uchungu ana haja gani ya kuchagua nguo?” Maneno hayo tumeyasikia mara nyingi, na mara nyingi yametoka kwa wanaume. Nasi twajibu ya kuwa mwenye uchungu hachagui kwa maana hawezi kuchagua. Kwa sababu hiyo yapasa nguo zichaguliwe mapema, mimba ikiwa ya mwezi wa 7 au wa 8, wakati moyo umetulia na sabuni ipo.

Mtu asidhani ya kuwa twasema habari za pambo. Nguo ya siku ile ni chombo cha kazi, kama jembe lilivyo chombo cha mkulima, na ikichaguliwa vibaya yaweza kuficha hatari ambayo ingaliweza kuonekana.

Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki nguo hiyo kwa wengi ni kanga, au leso kama wanavyoiita watu wa Mombasa. Kanga zilienea pwani katika nusu ya pili ya karne ya 19, zikapanda bara pamoja na biashara, hata leo hakuna wilaya isiyozijua. Wala hazikupendwa bure. Kanga ni ya pamba, nayo hunywa maji. Haina mkono wala kifungo, basi mkunga atakaye kupima shinikizo la damu hupata mkono wa mama mara moja, na akitaka kumtilia maji ya mshipani hakuna nguo ya kukatwa kwa mkasi. Mama hujifunga chini ya kwapa, akatembea, akachuchumaa, akalala ubavu, na kanga haimbani. Mtoto akizaliwa, fundo hufunguliwa na kifua kiko wazi kwa kumpokea. Gauni la kuvuliwa kichwani halifai kitu saa ile. Mwenye kupenda gauni na achague lililopana, lenye vifungo mbele kutoka juu hata chini. Na huko penye baridi, kama Njombe au Limuru, aongeze sweta ifungukayo mbele na soksi za miguu, kwa maana baridi haimstahi mzazi.

Lakini si kila kanga. Wako mabwana wema ambao, wakisikia mke amekaribia, hukimbilia dukani wakarudi na doti mpya, tena yenye jina zuri la kumfurahisha. Twawasifu kwa ukarimu wao, ila doti hiyo na ingoje siku ya kutoka hospitali. Kanga mpya ina wanga wa kiwandani. Ni ngumu, na maji huteleza juu yake kama juu ya jani la mgomba. Tena siku hizi ziko nguo zinazouzwa kwa jina la kanga, lakini nyuzi zake si za pamba tupu, nazo hazinywi maji hata zikifuliwa mara 10. Mwanamke na ajaribu mwenyewe: adondoshe tone la maji juu ya nguo. Likizama mara moja nguo yafaa, na likikaa juu kama umande aiweke kando. Iliyo bora ni kanga ya pamba iliyokwisha kutumika na kulainika, isiyo na matundu.

Usafi wake nao una historia. Zamani, katika mji wa Aberdeen huko Scotland, ulizuka ugonjwa wa homa ya uzazi ukaua wanawake wengi kati ya mwaka 1789 na 1792. Daktari wa mji ule, Alexander Gordon, aliandika majina ya wagonjwa na ya wale waliowazalisha, akaona ya kuwa ugonjwa ulifuata nyayo za wakunga na waganga, naye mwenyewe akiwamo. Katika kitabu chake cha mwaka 1795 alishauri nguo na matandiko ya wagonjwa yachomwe moto au yasafishwe sana, na wahudumu waoge na kufukiza nguo zao kabla ya kuzivaa tena. Watu walimchukia kwa ajili ya ukweli huo. Wakati ule hakuna aliyejua vijidudu ni nini. Lakini daktari yule alikwisha kuona ya kuwa mauti yaweza kusafiri katika nguo na mikononi mwa watu.

Basi kanga za kujifungulia zifuliwe kwa sabuni, zisuuzwe katika maji safi, zianikwe juu ya kamba penye jua kali. Zisitandazwe majanini wala juu ya mchanga. Yuko nzi katika nchi zetu atagaye mayai juu ya nguo mbichi zilizoanikwa chini au kivulini. Mayai huangua funza, nao hupenya katika ngozi ya avaaye, na ngozi ya mtoto mchanga ni laini kuliko zote. Pasi ya moto, ipitishwe pande zote mbili na hasa penye pindo, huyamaliza mayai hayo. Zikisha pigwa pasi zikunjwe, zitiwe katika mfuko safi, zisiguswe tena kwa kazi nyingine. Wala msitie ndani ya mfuko ule vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo. Harufu yake ni sumu kwa watoto wengine ambao damu yao ina upungufu wa kuzaliwa nao, upungufu usio haba katika nchi za malaria. Huwavunja damu wakageuka manjano, na ugonjwa huo waweza kudhuru ubongo.

Sasa twafika penye jambo lililotufanya tuandike mazungumzo haya, nalo ni rangi. Wanawake wengi huchagua kanga nyeusi au nyekundu iliyokoza, ili damu isionekane. Twaielewa haya yao. Mwanamke hapendi kuonekana amechafuka mbele ya watu, hata wakiwa ni mkunga na mama mkwe. Lakini damu ndiyo hasa inayotakiwa ionekane. Katika mambo yanayowaua wazazi baada ya kujifungua, hapana lililo kubwa kuliko kutoka damu, na mara nyingi haiji kwa kishindo kama mto uliofurika. Huja kidogo kidogo, ikanywewa na nguo nyekundu chini ya mama aliyelala kimya, na watu wa nyumba wakasema, “Mwacheni apumzike, amechoka.” Wanapomgusa huwa amekwisha kuwa baridi.

Kanga hiyo hiyo, ikichaguliwa vema, yaweza kuwa kipimo. Mkoani Kigoma, Daktari Godfrey Mbaruku na wenzake walifanya uchunguzi, nao ukaandikwa mwaka 2005. Waliangalia ni damu kiasi gani hulowesha kanga ya kawaida, ile ya urefu wa mita moja na nusu na upana wa mita moja hivi. Wakaona ya kuwa kanga mbili zikilowa, mama amekwisha kupoteza kama nusu lita, yaani kipimo ambacho waganga walikiweka tangu zamani kuwa mwanzo wa hatari. Wakunga wa jadi wa huko, ambao wengi wao hawakuwa na chombo chochote cha kupimia, walifundishwa kuhesabu kanga, na zikifika mbili wampe mama vidonge vya kuzuia damu. Twaona ya kuwa jambo hili ni la akili sana, kwa maana halikumtaka mkunga anunue kitu. Kipimo kilikuwamo nyumbani miaka yote, kimekunjwa sandukuni.

Wakati wetu huu hospitali zimeendelea mbele. Katika uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2023, uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika ya Kusini kwa wanawake zaidi ya 210,000, shuka ya plastiki yenye mfuko na mistari ya kipimo ilitandikwa chini ya mzazi, na wakunga walifundishwa kutoa matibabu yote kwa pamoja mara damu inapofika kiasi cha kutisha. Wanawake waliotokwa na damu nyingi mno, au kupasuliwa tumbo kwa sababu yake, au kufa kwayo, walipungua kwa asilimia 60 wakilinganishwa na wale wa hospitali zilizofuata desturi ya kawaida. Tena katika kazi ile waganga hawakungoja nusu lita ikiwa mama alionyesha dalili mbaya. Basi nanyi msingoje kanga ya pili. Nguo ya chini na iwe nyeupe, au ya rangi nyepesi, na ikilowa moja aitwe mkunga papo hapo, hata kama ni usiku na hata kama mama asema hajambo. Kanga nyekundu aipendayo na ajitande begani, huko haidhuru.

Liko neno jingine la kufuatana na hilo. Wazee wetu wa pwani walikuwa na mkaja, kitambaa anachojifunga mwanamke tumboni baada ya kuzaa, na mbeleko, nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Vitu hivyo vina heshima kubwa, hata siku binti anapoolewa mama yake hupewa zawadi kwa majina hayo hayo ya mkaja na ubeleko, kuwa ukumbusho wa taabu yake. Hatusemi mkaja uachwe. Twasema usifungwe katika saa za kwanza. Saa hizo mkunga hana budi kulishika tumbo mara kwa mara apate kujua kama mji wa mimba umekaza, kwa kuwa ukilegea ndipo damu inapotoka. Tumbo lililofungwa kwa nguvu haliwezi kupimwa. Mkunga akisha ridhika, yeye ndiye atakayesema lini mkaja ufungwe. Na shanga za kiunoni, pete na bangili ziachwe nyumbani, kwa maana vidole huvimba, na kama upasuaji ukihitajika kwa ghafula zitakatwa. Rangi ya kucha nayo ifutwe, kwa sababu wauguzi hutazama kucha wapate kujua kama damu imepungua.

Mtoto naye ana haki yake katika mfuko ule. Atokapo amelowa, na mtoto aliyelowa hupoa upesi hata katika joto la Tanga. Apanguswe kwa kanga kavu mwili mzima. Kisha kanga ile iliyoloa itupwe kando, maana kumfunika nayo ni kumvika baridi. Awekwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, wafunikwe wote wawili kwa kanga ya pili iliyo kavu, na kichwa chake kivishwe kofia. Akae hapo muda wa saa nzima angalau, na kumwosha kungoje saa 24. Bibi wengine watanung’unika ya kuwa mtoto hajaoshwa. Na wanung’unike, mtoto yu joto.

Nanyi wakunga, mabibi zetu, twawaomba msimvue mama nguo zote pasipo sababu. Kanga huweza kufunuliwa mahali panapotazamwa tu, na kurudishwa kazi ikiisha. Tumesikia wanawake wakisema ya kuwa walikataa kurudi hospitali kwa mimba ya pili, si kwa sababu ya maumivu, bali kwa sababu waliachwa uchi mbele ya wapita njia. Mwanamke wa namna hiyo atazaa nyumbani mbali na msaada, na damu ikimtoka hakuna wa kuizuia.

Tukihesabu basi, mama anahitaji kanga 1 ya kuvaa, 1 nyepesi ya kutandika chini, 1 ya kumpangusa mtoto, 1 ya kuwafunika, na 2 za akiba, maana uchungu wa mimba ya kwanza waweza kuchukua mchana na usiku. Hizo ni vipande 6, yaani doti 3. Hatudai ziwe mpya, wala zifanane. Asiye nazo na aazime kwa dada au jirani, azifue upya mwenyewe. Waongeze vitambaa safi vya damu vya baadaye, na nguo za ndani zisizobana. Mfuko ufungwe pamoja na kadi ya kliniki, uwekwe mahali anapopajua yule atakayemsindikiza mama, kwa kuwa mwenyewe hataweza kueleza uko wapi. Bwana naye aonyeshwe. Wako waliofika hospitalini na mfuko wa mahindi.

Zikirudi nyumbani, kanga za damu zisitiwe katika maji ya moto, kwani moto huikaza damu katika uzi isitoke tena. Afuaye avae glavu, au ajifunge mifuko ya plastiki mikononi. Azilowekee maji baridi kwanza, ayamwage chooni, aloweke tena. Kisha ndipo sabuni, na jua, na pasi.