LUGHA YA TAIFA NA LUGHA YA KORTI

(Maneno ya mfasiri wa Serikali mbele ya wazee, walimu na makarani, Malindi)



Nimeombwa kusema nanyi juu ya lugha ya taifa na lugha rasmi. Wengi hudhani kwamba ni kitu kimoja. Lugha ya taifa ni ile ambayo kwayo watu wa nchi hutambuana. Lugha rasmi ni ile ambayo kwayo sheria huandikwa na mashauri husikizwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekipa Kiswahili vyeo vyote viwili, nacho Kiingereza kimepewa hicho cha pili tu.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, Bunge lilisema Kiingereza, hata Julai 1974 Mzee Jomo Kenyatta alipoamuru Kiswahili kitumike humo. Miswada ya sheria, hata hivyo, iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Jirani zetu wa Uganda walikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005.

Huku kwetu liko jambo la peke yake. Wataalamu wamezikusanya lugha za Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo na Kingazija katika ukoo mmoja, wakauita Sabaki, kwa jina la mto huu unaoingia baharini hapa kaskazini ya Malindi. Mgiriama asema *madzi*, Mswahili asema maji. Huyu *mutu*, yule mtu. Kwa sababu hiyo mgeni huuliza: watu hawa wasikilizana, mkalimani wa nini? Na ndipo hatari ilipo, kwani lugha ya mbali humtahadharisha mtu, bali lugha ya jirani humdanganya.

Miaka kadhaa iliyopita nalikuwa nimeketi katika korti moja ya pwani hii. Mzee mmoja Mgiriama alishtakiwa kwa kuingia shamba la mtu bila idhini. Karani akamsomea mashtaka kwa Kiswahili cha vitabuni, kisha akamwuliza, "Je, wakubali?" Mzee akajibu kwa adabu, "Ndiyo, bwana." Kumbe alikuwa akikubali kwamba ameyasikia. Karani akaandika kuwa amekiri. Mimi mwenyewe, ambaye kufasiri ndiyo kazi yangu, nalilisikia jibu lile wala sikushtuka. Kama mjukuu wake asingalisimama nyuma akapaza sauti, mzee yule angalihukumiwa pale pale. Hakimu akaahirisha shauri hata mkalimani apatikane.

Basi yafaa mjue, na mwafahamishe walio mashambani, kwamba kifungu cha 50 cha Katiba humpa mshtakiwa asiyeifahamu lugha ya korti haki ya kupewa mkalimani bila malipo. Na kifungu cha 49 chataka mtu anayekamatwa aelezwe sababu upesi, kwa lugha anayoifahamu. Haya yasemwe kabla ya kujibu mashtaka, maana jibu likiisha kuandikwa ni taabu kulifuta. Wala si aibu kwa mtu ajuaye Kiswahili cha sokoni kuomba mkalimani. Kiswahili cha sheria hata sisi makarani hukifungulia kamusi.

Shauri liliporudi, mzee yule aliulizwa swali lile lile kwa Kigiriama. Alijibu kwa muda wa robo saa, akianza na jina la babu yake aliyeupanda mkorosho wa kwanza katika shamba lile.