Umbo la Nikeli Haliamuliwi na Kalamu



Kwamba Hugo Schiff alieleza mwaka 1864 jinsi amini na aldehidi zinavyoungana kuwa besi inayobeba jina lake, na kwamba naitrojeni ya besi hiyo huishika nikeli vizuri, hayo mnayajua. Nimekuja kupinga desturi iliyoota mizizi katika maandishi yetu. Mtu anatengeneza changamano, anaona mstari wa C=N kwenye infraredi umeshuka kutoka karibu 1620 hadi 1605 cm⁻¹, papo hapo anachora mraba bapa na kuuita muundo. Ukurasa unaofuata anaua bakteria, na maelezo ni yaleyale yanayotajwa kwa jina la Tweedy: nikeli ikishikwa na ligandi, chaji yake hufifia, ikapenya mafuta ya utando wa seli.

Mstari ule unasema naitrojeni imeshika nikeli, basi. Hausemi majirani wa nikeli ni wanne au sita, wala wamekaaje. Na hao bakteria? Chumvi ya nikeli peke yake, ikitosha, ni sumu kwao. Asiyeijaribu chumvi hiyo sambamba hajui kilichoua ni changamano au ni ioni zilizochopoka. Isitoshe, changamano huyeyushwa kwanza katika kiyeyushi cha DMSO, ambacho oksijeni yake nayo hushika metali. Maelezo ya Tweedy yanadhani kinachofika kwenye seli ndicho kilichochorwa. Nani amehakikisha?

Makala ninayosoma na wanafunzi kila mwaka ni ya Sacconi, Paoletti na Ciampolini wa Florence, ya 1963. Chukua salisilaldehidi na propilamini, uziunganishe na nikeli: unapata umbo bapa, elektroni zote nane za d zikiwa jozi jozi, na sumaku haivuti. Sasa weka isopropilamini. Fomula ni ileile, hakuna atomu iliyoongezwa wala kupunguzwa. Mnyororo tu sasa una tawi kwenye kaboni inayogusa naitrojeni. Nafasi inabana, molekuli inajipinda kuelekea tetrahedroni, elektroni mbili zinakosa mwenza, na sumaku inavuta kwa takriban magnetoni 3.3 za Bohr. Kuna zaidi: ukiiyeyusha katika kiloroformu, sehemu yake hurudi kuwa bapa, na mgao huo hubadilika kwa joto. Kila nikisoma kurasa zile nafurahi upya, kwa sababu waandishi hawakuiamini fuwele peke yake.

Mwanafunzi wangu mmoja alileta rasimu ya tasnifu yenye mraba bapa uliochorwa kwa wino mzuri. Tuliweka changamano lake katika DMSO ndani ya mrija wa NMR, na ndani yake kijirija chembamba chenye kiyeyushi kitupu, kama mkemia Evans alivyofundisha mwaka 1959. Mstari wa kiyeyushi ukatokea mara mbili, umeachana waziwazi. Umbo bapa, lisilo na elektroni iliyokosa mwenza, halifanyi hivyo. Alinyamaza, kisha akaomba tupime tena.

Wenzangu husema mashine za eksirei za kuchunguza fuwele ni ghali. Ni kweli, na silipuuzi hilo. Lakini hata tungekuwa nazo, zingetueleza habari za fuwele tu, na bakteria hawali fuwele. Kijirija cha Evans ni rahisi. Kwa hiyo sitasaini tasnifu yenye mchoro wa changamano la nikeli usioandikwa kando yake kiyeyushi, halijoto na usumaku uliopimwa humo.