Kumlea Kiongozi Si Kumfanyia Kazi

Ndugu wananchi wa Rubavu, walimu na wanafunzi wa vyuo,

Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo ulipolipuka, maelfu ya jirani zetu wa Goma walivuka mpaka kuja kwetu. Usiku ule ulitukumbusha kuwa kiongozi hangoji amri ndipo amshike mkono aliyepotea.

Moyo huo hujengwa mapema, hata katika miradi midogo ya wanafunzi chuoni. Lakini sisi walezi tumewahi kukosea. Kikundi kimoja kilikusudia kuwaelimisha akina mama wachuuzi wa Petite Barrière juu ya magendo. Mpango wote tukauandika sisi. Siku ya mkutano mama mmoja akauliza: “Nikivuka na kilo 5 za unga, je, ni magendo?” Wanafunzi wote wakageuka kututazama.

Tangu siku hiyo tunawauliza maswali, hatuwapi majibu. Waliofuata walichagua mada, wakagawana kazi, wakakosea na kujisahihisha. Walipoulizwa, walijibu wenyewe.

Wazazi na walimu, samaki mkunje angali mbichi, lakini mkono unaomkunja na uwe mwepesi. Milango yetu i wazi kwa kila chuo chenye mradi.