Kompyuta Bubu Si Lazima Iwe Mbovu



Kompyuta inayotumia mfumo wa Linux inapokosa sauti, wengi wetu hukata shauri palepale: kadi ya sauti imekufa, inunuliwe nyingine. Fundi naye, akiona mteja ana haraka, hapingi. Jioni hii nasema kwamba mara nyingi fedha hizo hupotea bure, kwani kufa kwa kadi ni jambo la mwisho kushukiwa.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi kwanza inama chini ya meza uangalie waya. Je, umechomekwa kwenye tundu la spika, au la maikrofoni? Spika nazo zijaribu kwenye redio au simu.

Pili, iulize kompyuta kama inaitambua kadi yake. Fungua dirisha la amri, uandike aplay -l. Kadi ikitajwa kwa jina, basi iko hai. Isipotajwa, shuku programu inayoiendesha kabla ya kuishuku kadi yenyewe.

Tatu, andika alsamixer. Utaona nguzo za viwango vya sauti. Herufi MM chini ya nguzo maana yake sauti imefungwa. Bonyeza M, zitokee 00, yaani imefunguliwa. ALSA, sehemu ya sauti iliyokuja na Linux toleo 2.6 mwaka 2003, ilikuwa na desturi ya kuanza kazi milango yote ikiwa imefungwa. Ni kadi ngapi zilitupwa, kumbe zilizibwa mdomo tu!

Nne, tazama sauti inaelekea wapi. Kompyuta iliyounganishwa na runinga kwa waya wa HDMI huweza kuipeleka sauti huko, spika za mezani zikabaki kimya. Chagua spika zako katika mipangilio ya sauti, kisha ujaribu kwa amri ya speaker-test. Mwishoni mwa miaka ya 1990, programu ya Red Hat ya kuandaa kadi za sauti ilifanya jaribio hilo kwa sauti ya Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akilitamka jina la mfumo wake.

Pengine mtu atasema haya ni mambo ya wapenda muziki. Sivyo, ndugu zangu. Asiyeona hutumia programu iitwayo Orca, ambayo humsomea kwa sauti yaliyoandikwa kwenye kioo. Sauti ikikatika, naye hana kifaa cha Braille, kazi yake imesimama. Hata amri nilizozitaja anaweza kuziandika, lakini majibu yake hayasikii. Hapo humtegemea mwenzake anayeona.

Kwa hiyo, wewe unayesimamia kompyuta shuleni au ofisini, ziandike hatua hizi nne kwenye karatasi, uibandike ukutani. Na wewe fundi, zipitie zote kabla hujamwuzia mtu kadi mpya.