Wagonjwa Wasiomo Daftarini: Baridi Yabisi na Wajibu wa Utafiti Singida



Kwa zaidi ya nusu karne tumefundishwa kwamba maradhi ambamo kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe ni nadra kwa Mwafrika, hasa wa kijijini. Baridi yabisi, nikimaanisha ile inayotokana na kinga na si ile ya kuchakaa kwa uzee, imo katika kundi hilo. Chembe za kinga huvamia utando wa ndani wa maungio, utando ukavimba, kisha gegedu na mfupa vikaanza kuliwa. Vifundo vya vidole huvimba katika mikono yote miwili, na asubuhi hukakamaa kwa saa nzima au zaidi. Ninachotetea leo ni kwamba unadra huo umejengwa kwa sehemu kubwa juu ya hesabu ya waliofika hospitali. Na hata tukiukubali ulivyo, hautupi ruhusa ya kuuacha ugonjwa huu nje ya mipango ya mkoa.

Mwaka 1968 daktari Mwingereza Brian Greenwood alichapisha matokeo ya kazi yake Ibadan, Nigeria: miongoni mwa waliolazwa, wenye maradhi ya aina hii walikuwa wachache mno. Akapendekeza kwamba vimelea, hasa vya malaria, huenda huituliza kinga. Baadaye majaribio kwa panya yaliipa dhana hiyo nguvu. Ni wazo zito, na silipuuzi. Lakini daftari la wodi humhesabu tu aliyefika na kutambuliwa. Mwanamke wa Mkalama au Ikungi, wilaya za hapa Singida, anayeshindwa kushika jembe hafikirii kulazwa. Hununua diklofenaki katika duka la dawa muhimu. Hata akifika zahanati, anaweza kuandikwa kuwa ana maumivu ya viungo, na daftari la MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, halitamtofautisha na aliyechoka kwa kulima.

Anayepinga atasema kwamba wapo watafiti waliotoka hospitali wakaenda vijijini. Ni kweli. Mwaka 1975 watafiti wa Afrika Kusini walikuta baridi yabisi ya hakika kwa takribani asilimia 0.12 ya watu wazima wa kijiji cha Watswana, na asilimia 0.9 mjini Soweto. Tofauti hiyo inaashiria kwamba mazingira yana nguvu, na nakubali kwamba kijiji huenda kina nafuu. Lakini tuichukue ile namba ndogo tuilete hapa. Sensa ya 2022 ilihesabu Singida zaidi ya watu milioni 2. Tukikadiria watu wazima kuwa milioni 1 tu, tunapata wagonjwa 1,200. Hilo ni kadirio, si kipimo; lakini ni kadirio la chini, na watu 1,200 wanaopoteza mikono yao wakati wa kupalilia alizeti na mtama si jambo la kuachwa pembeni.

Kipimo cha kweli lazima kianzie majumbani. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti wa huko Moshi wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Glasgow wamekwenda kaya kwa kaya kuchunguza matatizo ya maungio. Singida inahitaji kazi ya namna hiyo, tena yenye tahadhari. Kipimo cha damu cha RF, ambacho wengi hukitegemea kutambua baridi yabisi, kinaweza kuonyesha chanya kwa mwenye malaria au kifua kikuu. Mahali penye maradhi hayo, damu peke yake haitoshi. Mkono wa mgonjwa ushikwe na maungio yake yachunguzwe.

Wapo watakaouliza: kwa nini tutumie fedha huku malaria, kifua kikuu na UKIMWI vingalipo? Swali hilo lina haki yake. Dawa za gharama kubwa zilizotokana na kazi ya Ravinder Maini na Marc Feldmann jijini London, zinazozuia protini ya TNF inayochochea uvimbe, zinaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, na mimi siziombi ziwe mwanzo wetu. Mwanzo wetu ni methotreksati: kidonge cha bei nafuu, humezwa mara moja kwa wiki, kwa masharti ya kupima damu na ini na kutotumiwa na mjamzito. Kikianzwa mapema, huweza kuzuia ulemavu ambao haurudi nyuma ukishatokea. Kumfuatilia mgonjwa maisha yake yote si jambo geni kwetu. Kliniki za CTC, za wanaoishi na VVU, zimetufundisha. Wala upungufu wa mabingwa si kizuizi cha mwisho: mradi wa UWEZO nchini Kenya ulionyesha kwamba watumishi wa kawaida wa afya wanaweza kufundishwa kuyatambua magonjwa ya maungio.

Kwa hiyo naomba mambo matatu yaende pamoja: uchunguzi wa kaya, mafunzo kwa watumishi wa zahanati, na njia ya rufaa inayoeleweka hadi hospitali ya mkoa. Tukihesabu bila kutibu, tutakuwa tumewatumia wananchi. Tukitibu bila kuhesabu, bajeti ya mwaka ujao itawasahau tena.