Mkiletewa Jani la Manjano

Wahitimu wa kilimo, hongereni. Wazazi mliotoka Bomet na mashamba ya Kericho alfajiri na mapema, najua ada nyingi hapa imelipwa na bonasi ya majani chai, kwa hivyo mtanivumilia nikiongea juu ya majani tu.

Kuna tabia ya wataalamu wetu inayoniudhi. Mkulima analeta jani la sukuma wiki limegeuka manjano. Hajamaliza kueleza, afisa ameshamjibu: "Ongeza mbolea." Shambani hajakanyaga! Daktari akifanya hivyo tutamshtaki.

Naitrojeni ndiyo hujenga protini za jani na ule ukijani wake. Ikipungua, majani ya chini huachia machipukizi chakula, kama kaka mkubwa anayemsukumia mdogo wake sahani. Basi manjano huanzia chini. Yakianzia juu, kwenye majani machanga, shuku salfa au madini ya chuma. Kulijua hilo hakuna gharama, ila lazima uiname, na tai zenu hizo sijui.

Sasa mbolea yenyewe. Huku kwetu 26:5:5 huletwa kwa ajili ya chai. Ikibaki, inaishia kwenye bustani ya mboga nyuma ya jikoni. Mfuko wa kilo 50 una kilo 13 za naitrojeni, na ukiimwaga miaka nenda miaka rudi, udongo unazidi kuwa na asidi. Chai haijali, inastawi hata pH ikiwa 5. Sukuma inataka 6 hivi. Mizizi inadhoofika, jani linafifia, nasi tunarudia wimbo uleule: ongeza! Mama wa watu ananunua mfuko mwingine, kumbe shamba linalilia chokaa na samadi.

Na naitrojeni ikizidi? Sukuma hutoa majani mapana, laini, vidukari wakasherehekea. Hata chai: kilo zinaongezeka kwenye mizani, ubora wa kikombe unashuka.

Kwa hivyo wiki ijayo, kabla hamjaanza kutuma barua za kazi, pimeni udongo wa nyumbani. Chukueni udongo kutoka sehemu nyingi za shamba, kina cha sentimita 20 hivi, mchanganye. Msichote karibu na boma la ng'ombe, matokeo yatawadanganya. Mkipata majibu, mwandikieni mzazi kwenye karatasi, kwa Kipsigis au Kiswahili, bila maneno ya darasani.