Waliimba Kabla ya Mapambazuko



Yapata mwaka 112, Pliny, liwali wa Roma kule Bithinia, alimwandikia Kaisari Trajan kuhusu Wakristo. Alikuwa amekwisha kuwaua waliokataa kuikana imani, na kuwatesa wanawake wawili watumwa waliohudumu kanisani. Alipochunguza alipata nini? Kwamba siku maalumu walikusanyika kabla ya mapambazuko, wakamwimbia Kristo kwa kupokezana, wakaapa kutoiba, kutozini, kutovunja ahadi, na kurudisha amana ya mtu. Walioshtakiwa walikuwa wengi. Hata karatasi ya majina ilitolewa bila sahihi. Kaisari alijibu kwamba wasisakwe, lakini wanaoshikilia imani waadhibiwe.

Sisi wa Garissa habari hii twaielewa. Jumapili ya tarehe 1 Julai 2012, makanisa mawili ya mji huu yalishambuliwa watu wakiwa ibadani. Alhamisi Kuu, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wakiwemo wanafunzi walioamka alfajiri kuomba. Tumezoea kuimba askari akiwa langoni.

Lakini sisi hatukuachwa peke yetu. Baada ya mashambulizi ya 2012, viongozi wa Kiislamu walitangaza kwamba vijana wao watasaidia kulinda makanisa. Desemba 2015, basi la Mandera lilipovamiwa karibu na El Wak, abiria Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Wakristo wa Bithinia waliandikiwa karatasi ya siri. Sisi tulisimamiwa hadharani.

Basi wanakwaya, tuna deni. Liwali yule hakuona kosa katika mwenendo wa waimbaji wale. Je, nasi tukichunguzwa? Jirani hatujui kwa kipaza sauti. Anatujua kwa deni tunalolipa dukani, kwa amana tunayorudisha, na kwa kumjulia hali anapofiwa. Hiyo nayo ni sehemu ya wimbo.

Tuwakumbuke waliolala. Tuwashukuru majirani. Na kesho alfajiri, tuimbe tena.